Jasho la Mwimbaji, Bunia

Mama mpenzi,

Baridi ya Butembo isikuguse kifua. Mlio wa sandali za plastiki kwenye sementi haujanitoka masikioni. Jumapili niliimba opera hapa Bunia uliponizalia, kanisani, mbele ya wakimbizi wa vita vya Djugu, na niliogopa kuliko siku yoyote Paris au Milano. Kama watu wa kwetu wasingenitambua, miaka yangu ya Ulaya ingekuwa ya nini? Nikiwa kwenye sauti ya juu kabisa, mama mmoja aliondoka kwenye benchi, akatembea hadi mbele na sandali zake hizo, akanifuta jasho usoni kwa kitenge chake, kama tunavyomtunza mwimbaji wetu. Ulaya hakuna anayethubutu. Sikukata wimbo.

"Acha amalize kwanza, mama," muzee mmoja alimwambia.

"Atamaliza akiwa mukavu. Mutoto wetu anatoka jasho namna hii, na siye tunaangalia tu?"

Sijawahi kupewa heshima kubwa hivyo. Nawakumbatia, wewe na wadogo zangu. Meneja wangu alitaka matangazo ya Ulaya yaseme natoka Brussels, kwa sababu Bunia inajulikana kwa vita tu. Leo asubuhi nimempigia kwa simu ya mapadri, nikamwambia achapishe Bunia.

Mwanao, Kavira