Kh Iliyomponza Rajabu

Al Thumama, Doha

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Goti limeacha kukusumbua? Na shemeji, kile kikohozi kimemwachia? Mimi mzima, nalinda geti lilelile chini ya jua lilelile. Simu nimeikwepa makusudi, maana ungelia nami ningeshindwa kusema. Barua anakuletea Salma, jirani yangu anayerudi Muheza likizo.

Mwanao Rajabu amekamatwa, dada. Anarudishwa.

Serikali ya huku imeanza msako wa watoro, yaani wafanyakazi waliomkimbia tajiri aliyewaleta. Polisi wamejaa barabarani mpaka Umm Salal, anakoendesha Rajabu gari la tajiri wake. Siku aliyokamatwa, gari hilo lilimzimikia njiani. Askari wakasimama wakataka kitambulisho, nacho tajiri amekifungia kabatini kwake. Wakamuuliza ana shida gani. Yeye alitaka kusema ameharibikiwa. Waarabu wa huku kitu kibovu hukiita kharban, kwa kh ya kukwaruza koo, na makoo yetu sisi unayajua. Basi akajishika kifua akasema, "Ana harban," yaani mimi ni harban. Kumbe harban kwao ni mtoro. Mdomo uliponza kichwa: amejitangaza mtoro mwenyewe, na gari amesimama nalo pale pale!

Wakampigia tajiri. Neno lake moja lingemtoa. Lakini alikuwa na hasira za gari, akajibu kwamba kama amekiri mwenyewe, wamchukue. Nilikwenda kumwangukia, hakunifungulia hata mlango. Namchukia mtu yule, dada, sikufichi.

Kizuizini nimemwona Rajabu mara moja. Amekonda, na nguo ni zile alizokamatwa nazo. Nikampa moyo kwamba nyumbani mtampokea. Akatazama chini.

"Mjomba, nikishuka Dar sifiki Muheza. Mtu karudishwa na polisi, nani ataamini hakuiba? Mama usimwambie."

Nimekwambia.

Nisalimie Bibi Mwanahawa aliyetulea, na Zaina, mchumba wa Rajabu. Huyo mweleze taratibu, asiyasikie kwa watu. Ndege ya Rajabu ni Jumamosi ijayo. Shemeji aende mwenyewe Dar, asitume mtu, akasimame pale abiria wanapotokea na amshike mkono. Huku mwanao hakumtoroka mtu. Akimpita babake pale mlangoni, hapo ndipo atakuwa mtoro kweli.

Mdogo wako,
Omari