Watu Wanaolipa Kuota Moto

Mama wangu,

Huku Johannesburg baridi imeingia, ya kwanza tangu utuache. Nakuandikia juu watu wa huku wamenichekesha, na mtu wa kucheka naye ulikuwa wewe tu.

Mama, unajua kuna watu wanalipa ili waote moto? Wifi yangu Mama Gloria, yule wa Rosettenville anayeringa hata akibeba mkate, alienda na wenzake wa kanisani kulala shamba moja nje ya mji. Mimi na Neema wangu tukachukuliwa, eti nikasuke watoto wake. Kufika, moto wenyewe uko nyuma ya kioo, unawashwa kwa swichi. Kuni za bandia. Hauna moshi, hauna cheche. Na wanawake wazima wamekaa mbele yake na mablanketi, wanapigana picha, wanasema eish, maisha ya kijijini matamu. Kijiji kipi? Hakuna hata mmoja aliyetoka nje.

Wewe baridi uliijua. Tukichimba viazi vitamu kule mlimani, vidole vimekufa ganzi, unapanga mabonge ya udongo mkavu kama kanyumba, unachochea moto ndani mpaka yawe mekundu, unatia viazi, halafu unabomoa kanyumba kote juu yake. Tunangoja tumeligeuzia jua mgongo. Ulikuwa unaniambia, "Kula polepole, tumbo nalo linaota moto."

Jioni wifi akasema mbele ya wote kwamba Neema abaki kwake mpaka baridi iishe. "Chumba chako cha Bellevue ni friji, Mama Neema. Mtoto wa kaka yangu hatakohoa kwa ajili ya kiburi chako." Mume wangu alishamkubalia kwa simu. Wenzake wakaitikia kama wako kwenye maombi. Mama, hakusema uongo. Dirisha letu limezibwa na katoni, na Neema anakohoa kweli.

Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa umande ulioganda. Nikambeba Neema mgongoni mpaka kwenye mahindi yaliyovunwa, nikaomba ruhusa na viazi vitamu kwa mfanyakazi wa shamba, nikajenga kanyumba kako. Kiazi cha kwanza kiliungua, ungenicheka. Cha pili Neema alikula amekaa mapajani mwangu, akaniambia kwa Kizungu chake kwamba tumbo lake lina jua. Nani alimfundisha? Nikalia, nikasingizia moshi.

Mama Gloria akaja, visigino vinazama kwenye udongo, akasema tunakula uchafu. Akala vitatu. Mdomo mweusi kwa masizi, bado anaamuru begi la Neema liwekwe kwenye gari lake.

Nikamwambia, "Wifi, asante kwa kutuleta. Mtoto anarudi na mimi."

Akasema nitajuta. Labda. Lakini mtu anayeogopa moshi hawezi kunifundisha kumpasha mtoto joto.

Baba Neema alinuna. Halafu mwenyewe akaleta kioo, akaziba dirisha. Kikohozi kimepungua. Na nimeona chumba Turffontein, asubuhi kinapata mwanga mpaka kitandani. Mwisho wa mwezi tunahama.

Pumzika, Mama. Nikizidiwa nitaomba msaada, sina aibu hiyo. Ila nakuahidi, huyu simwazimi mtu.

Mimi mwanao,
Mama Neema