Ushuhuda wa Kesho

Jumamosi, Gudele

Leo nimevuta tena, sigara mbili, nyuma ya choo cha kanisa. Na kesho ndiyo natakiwa kushuhudia kwamba mchungaji alinitoa pepo wa sigara.

Nesi wa kliniki alinicheka nilipomweleza. "Pepo gani, Baba Ruthi? Ni ubongo wako. Umezoea nikotini tangu ujana, ukiikosa unaidai. Ni ugonjwa huo, tutautibu polepole."

Polepole! Pepo angetoka siku moja. Ubongo huu, Bwana wangu, nani ataukemea?

Jioni Mama Ruthi alikuwa akinipigia pasi shati jeupe la kesho, anaimba. Kwaya nzima ameiambia nimepona. Nikamwita nimwambie ukweli. Akaja na shati mkononi, anatabasamu.

Nikamwambia limenyooka vizuri.