Jirani wa Kushoto na wa Kulia

Dada Yusta, shikamoo. Niko Liverpool, si ile ya Uingereza, ni kitongoji cha Sydney huku Australia, kwa mwanangu Rehema, na baridi inaingia hadi kwenye mifupa.

Jirani wa kushoto ni mzee wa Chile, mwenye nyumba yake. Kulia wamepanga vijana wa Kolombia wanaosafisha maofisi. Mzee alininong'oneza, "Mama, funga mlango. Hao hawana kitu." Basi nikawa nawachungulia dirishani kila wakipita.

Jana nikamwona mzee mwenyewe mlangoni kwa wale vijana na sahani tupu. Wakamjazia maharage na nyama.

Rehema akacheka. "Mama, mkopo wa nyumba unakula pensheni yake yote."

Sasa namtilia shaka kila anayenionyesha nani ni maskini. Miguu yako ipone, dada yangu. Nimekukumbuka mno.

Mdogo wako, Anastazia