Maneno Ambayo Cucu Hakuyasema

Bungoma,
Jumapili, 17 Agosti 2025

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba mgongo umepata nafuu na kwamba mahindi ya shamba la chini yamezaa vizuri. Mimi ni mzima. Ninakula, ninalala, ninaenda darasani. Ukiniuliza ninajisikiaje, sijisikii kitu, na nimekuwa hivyo tangu tumzike mama yako, Cucu wangu. Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu ningekata kabla sijafika mwisho.

Unakumbuka nilikuja huko nyumbani, kijijini Kwanza, mwezi wa nne. Mwalimu wetu, Daktari Walubengo, alikuwa ametuagiza kila mmoja aketi na mzee wa kwao, amrekodi, kisha aandike maisha yake. Alisema akili unde, hiyo AI ya kwenye simu, itusaidie kunyoosha lugha tu. Maneno yawe ya mzee mwenyewe. Nilikaa nyumbani siku tatu. Cucu alikuwa anapukuchua mahindi, na kila nilipotoa simu alisema nimsaidie kwanza, tutaongea tukimaliza. Sikumsaidia. Nilimwambia tutaongea likizo, nikarudi Bungoma.

Siku ya kuwasilisha kazi ilipokaribia, niliiambia AI kwamba kuna bibi aliyetoka Nyeri akiwa msichana, akalima Trans-Nzoia, akazaa watoto saba, na kwamba mmoja wao, Ngige, alikosana na baba yake akaondoka, hata kumzika hakuja. Ikaandika kurasa sita. Mimi niliongeza jina la soko tu. Daktari alizisoma mbele ya darasa zima. Nilipata themanini na moja.

Kisha Cucu akafariki mwezi wa sita, hospitalini Kitale, nawe ukaniomba nizisome kaburini. Niliogopa kukataa. Uliona mwenyewe nilipofika pale Cucu anaposema, "Mlango wa Ngige sijaufunga miaka yote hii." Mjomba Ngige, aliyekuwa amesimama nyuma kama mgeni, alikaa chini kwenye udongo na suti yake. Tangu siku hiyo hajarudi Nakuru. Analala nyumba ya Cucu, amerekebisha paa, na jioni mnakula pamoja.

Wiki mbili zilizopita Daktari Walubengo aliniita ofisini. Alitaka kuhifadhi sauti za wazee, akaniomba rekodi ya Cucu. Nilimwambia hakuna. Akauliza kama imepotea. Nikasema haikuwahi kuwepo. Hakunigombeza. Alivua miwani, akasema kurasa zile alikuwa amemsomea mama yake mzazi. Alama zangu zilifutwa. Nitarudia somo hilo mwakani. Nilitia sahihi karatasi ya kukubali hilo, nikaenda kula chapati. Sikulia.

Mama, hakuna neno hata moja katika kurasa zile lililotoka kinywani mwa Cucu. Nilikusomea wewe, na ukoo wote, na yeye akiwa pale kwenye jeneza, maneno ya mashine.

Jumatano nilimpigia mjomba, maana ndiye aliyeacha kazi yake Nakuru kwa ajili ya maneno hayo. Nilimweleza yote. Akauliza, "Hata hayo ya mlango, Tabby?"

Nikasema hata hayo ya mlango. Akasema sawa, ng'ombe hajakamuliwa, akakata. Jana uliniandikia kwamba Ngige hataki chakula, anakaa tu nje, na hujui amepatwa na nini. Ni mimi, mama.

Kuna jambo moja la kweli. Asubuhi niliyoondoka, mkoba ukiwa begani, nilimuuliza Cucu kama mjomba akirudi atampokea. Hakuinua macho kwenye mahindi. Aliniambia nisogee, ninamzibia mwanga. Sijui kama hilo ni ndiyo au hapana. Nilikuwa na haraka, sikungoja. Mwambie mjomba hivyo hivyo, usiongeze kitu.

Nisalimie mdogo wangu Nderitu, umwambie asome. Wasalimie pia akina mama wa kanisani waliotupikia siku ile ya mazishi. Ukiona ni heri nisije nyumbani kwa sasa, niandikie, nitaelewa.

Ni mimi mwanao,
Tabby