Meza Yangu na Majoho Sitini na Manne

Marshalltown, Johannesburg
Jumapili, 1 Mei 2011

Mpendwa Shangazi Concilie,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Alexis aliniambia kwenye simu kwamba sasa unapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono, nikafurahi, kisha nikajiuliza kama ni kweli au umemwambia aseme hivyo. Niandikie wewe mwenyewe. Na Bibi je, bado anakataa dawa mpaka aonyeshwe pakiti?

Huku sote tu wazima. Baridi imeanza, asubuhi tunafanya kazi na makoti mwilini. Mama Mdogo Jeannine alikohoa wiki mbili, sasa amepona. Baba Mdogo Ildephonse ni yuleyule: anacheka na wateja, akigeukia cherehani ananyamaza. Kesho ni siku ya mapumziko, karakana imefungwa, nami nina muda wa kukuandikia bila haraka. Pandu wa hapa mtaani anasafiri Jumatano kwenda Kigoma, atakuletea barua hii mkononi.

Shangazi, nina habari, na nimejikaza nisianzie nayo.

Unakumbuka nilikuambia kwamba Januari Baba Mdogo alinipa kona ya karakana niweke meza, kompyuta ya mtumba na printa. Sikukuambia sharti lake. Alisema kona ile aliiweka kwa ajili ya cherehani ya ovaloki, ile ya kumalizia kingo za nguo, na kwamba meza yangu ingekaa pale mpaka Pasaka. Ikifika Pasaka kabla meza haijaleta kazi, inatoka, ovaloki inaingia, nami ninakwenda kusuka nywele saluni kwa rafiki yake Mama Mdogo. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepanga viti. Mimi nilisema sawa, nikaenda kulala.

Unanijua. Kusuka si aibu, na wanaosuka wanalisha nyumba nzima. Lakini nilikuwa nimeshaanza mafunzo ya kazi za ofisi pale maktaba, kila Jumanne na Alhamisi mchana, na kwa mara ya kwanza tangu nimalize shule nilihisi kichwa changu kinafanya kazi kiliyoumbiwa. Mwalimu wetu anaitwa Sis Busi. Anatufundisha vitu vidogo vidogo: namna ya kuchagua jina la faili ambalo utalikumbuka mwaka ujao, namna ya kuandika barua pepe ambayo mtu ataijibu, namna ya kutengeneza karatasi yenye jina la biashara juu. Ukipatia anasema "sharp", yaani safi, huku akiwa tayari anamtazama mwingine.

Kazi ilikuja Februari. Kanisa moja la hapa mjini, wengi wao Wakongo na Warundi, lilitaka majoho ya kwaya kwa ajili ya Pasaka, sitini na manne. Katibu wao ni Papa Évariste, aliyekuwa karani Lubumbashi na hajaacha kuwa karani. Alipanda ngazi zetu zote mbili, akafuta kiti kwanza, akakaa, kisha akasema:

"Mademoiselle, mafundi wote wananitumia SMS. 'Papa, tutaelewana.' Kamati haiwezi kusoma 'tutaelewana'. Mimi ninataka proforma, kwa imeli, kabla ya Ijumaa saa sita."

Baba Mdogo alinitazama. Proforma ndiyo ile karatasi ya kuonyesha bei, aina ya kitambaa na siku ya kumaliza kabla kazi haijaanza. Sis Busi alikuwa ametufundisha wiki hiyohiyo. Niliiandika mara tano, nikaweka jina la karakana juu na simu chini, nikaenda kwenye duka la intaneti la ghorofa ya chini, nikaituma Ijumaa saa nne asubuhi. Saa tano na nusu Papa Évariste akajibu kwa mstari mmoja: "Tumepokea. Ni nyinyi tu mliotuma." Shangazi, nilipanda ngazi nikaikuta miguu yangu juu bila kukumbuka nilivyopanda.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipokaribia kuharibu kila kitu.

Wewe unajua Baba Mdogo anavyopima watu. Anapima kama Babu alivyowapima watu wa mtaa wa Buyenzi kule kwetu, kwa ukanda wa karatasi. Kila mtu ukanda wake, na kwenye ukanda anakata alama kwa ncha ya mkasi: alama moja bega, mbili kifua, tatu kiuno, nne urefu. Mwishoni anaandika jina analomwita mtu huyo, kisha anautundika msumarini. Futi ya kupimia anayo, lakini anasema namba zinasahaulika na karatasi haisahau.

Mwezi wa tatu alipima kwaya nzima hivyo. Mimi nikakaa na kanda zile sitini na nne na futi yangu, nikageuza kila alama kuwa sentimita, nikaingiza kwenye jedwali la kompyuta. Siku tatu. Kwa majina nilifanya kama tulivyofundishwa, jina la ukoo mbele, nililolipata kwenye orodha ya Papa Évariste. Nilichapisha karatasi safi kabisa. Baba Mdogo akaitazama akasema hamjui hata mtu mmoja hapo. Na kweli, nani kati yetu anamjua mtu kwa jina la ukoo? Kwetu Warundi ndugu wawili wa tumbo moja hawana jina la kufanana. Wote ni Mama Sonia, Papa Alain, Mama Orpha.

Basi nikaichana karatasi ile, nikafuta majina ya ukoo, nikaandika mahali pake majina wanayoitwa. Kisha, ili Bakiri, mkataji wetu kutoka Tanga, apate majina kwa urahisi, nikaiamuru kompyuta iyapange kwa alfabeti. Kompyuta iliniuliza swali. Ilikuwa na adabu ya kuuliza. Nami nilikuwa na haraka na fahari, nikabonyeza bila kusoma, nikahifadhi, nikafunga. Nikaweka nakala kwenye flashi, maana Sis Busi anasema kila kitu kikae mahali pawili. Halafu nikakusanya kanda zote nikazitia kwenye mfuko wa taka. Nilifurahi kuzitupa, Shangazi. Msumari ule mtupu niliuona kama cheti changu.

Siku mbili baadaye Baba Mdogo alikwenda kuongeza kitambaa. Aliporudi, Bakiri alikuwa ameshakata majoho tisa. Baba Mdogo akainua moja, akasoma jina lililobanwa kwa pini, akaliinua tena.

"Hili la Mama Sonia? Huyu Mama Sonia ninayemjua mimi? Tangu Jumapili amemmeza nani?"

"Fundi, hata mimi nilishangaa," Bakiri akasema. "Nimemkata dada wa watu kama gunia la mkaa. Lakini karatasi ya ofisini ndiyo imesema, nami ni nani nibishane na ofisi?"

Walicheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Lile swali nisilolisoma lilihusu hilo: nilikuwa nimepanga majina peke yake, na vipimo vikabaki palepale vilipokuwa. Kila mtu alikuwa amepewa mwili wa mwenzake. Nikafungua flashi. Ilikuwa vilevile. Nilikuwa na nakala mbili za kosa moja.

Nilikimbia chini kwenye pipa la taka. Tupu. Nikakimbia mpaka kwenye robot, ndivyo wanavyoita taa za barabarani huku, kana kwamba gari la taka lingekuwa bado linanisubiri. Nikasimama pale watu wakinipita. Niliwaza Pasaka imebaki wiki mbili na nusu, kitambaa kimekatwa, kanda hazipo, na Papa Évariste ana proforma yetu yenye tarehe. Meza sikuiwaza hata kidogo. Niliwaza jinsi Baba Mdogo alivyoacha karatasi yangu iingie kwenye mkasi wake bila kuikagua. Kwa mtu kama yeye, kuacha namna ile ni kutoa kitu kikubwa, nami nilikipokea kama haki yangu.

Nikapanda, nikamwambia yote, na hilo la kanda pia.

Aliinama chini ya meza ya kukatia, akavuta bati la biskuti, akafungua. Kanda zote zilikuwemo, zimefungwa kwa uzi kumikumi.

"Nilikuona ukizitupa," akasema. "Nikasubiri uondoke."

Unajua alivyotoka mtaa wa Alexandra mwaka 2008, wageni walipokuwa wakishambuliwa na kufukuzwa, cherehani moja kichwani na kanda za wateja ndani ya shati. Mimi nilikuwa nikisimulia habari ile kama habari ya cherehani. Siku hiyo ndipo nilipofikiria zile karatasi. Nyumba imeachwa, yeye amebeba vifua na mabega ya watu, ili wakionana tena popote awashonee.

Kisha, nikiwa bado naona haya, wazo likanijia lenyewe. Hakuna kipimo kilichopotea. Kila mwili uliokatwa ulikuwa wa mtu fulani kwenye kwaya ileile; kilichohama ni jina tu. Kwa hiyo majoho yale tisa hayakuwa mabovu. Yalikuwa na wenyewe, ila hatukuwajua.

Nikamwambia Baba Mdogo, maneno yakinitoka kwa haraka mpaka akaniambia niketi. Tukatandaza joho la kwanza mezani. Yeye akalitazama tu, akachomoa ukanda mmoja kutoka kwenye bati, akauweka begani, kifuani, kiunoni. Ukalingana kila alama.

"Mama Orpha," akasema. "Mama Sonia alikuwa amemmeza Mama Orpha."

Tukaendelea hivyo, Bakiri akitandaza, Baba Mdogo akitafuta, mimi nikiandika jina sahihi mbele ya kila kipimo. Majoho sita aliyatambua kwa macho. Matatu tuliyatafuta ukanda kwa ukanda. Lile la tisa lilitusumbua sana mpaka tukagundua ni la Papa Évariste mwenyewe. Anaimba besi, lakini tulizoea kumwona katibu tu, ukanda wake tukaufikia mwisho. Hatukupoteza hata shubiri moja ya kitambaa. Kesho yake nikaingiza yote upya, safari hii nikisoma kila swali la kompyuta mpaka mwisho, na kila ukanda nikauandikia namba inayolingana na mstari wake kwenye jedwali. Kanda zikarudi msumarini.

Nilipomweleza Sis Busi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniomba niwasimulie wenzangu, nikasimama mbele ya darasa, mimi ambaye pale Kigoma ulikuwa unanisukuma mgongoni nisome somo kanisani.

Majoho yalikwisha Ijumaa Kuu. Siku ya Pasaka nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Waliingia wakiwa rangi ya zambarau, sitini na wanne, na kila mmoja alikuwa ndani ya nguo yake. Sikusikia wimbo hata mmoja. Nilikuwa nahesabu mabega.

Baba Mdogo hakusema lolote kuhusu meza. Wiki nzima hakusema. Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita, barua pepe mbili zikaingia kutoka kwa watu waliopewa anwani yetu na Papa Évariste, moja ya shule ya chekechea huko Soweto inayotaka aproni za watoto. Nilizijibu zote siku hiyohiyo. Bado hakusema, nami sikuthubutu kuuliza.

Jana asubuhi nikasikia vishindo kwenye ngazi. Wanaume wawili walikuwa wanapandisha ovaloki, na Bakiri nyuma yao akiwaelekeza na kuwakosoa. Shangazi, nilisimama nikaanza kuchomoa waya za kompyuta. Nilijiambia nisilie mbele ya wabebaji.

Baba Mdogo akaniuliza ninafanya nini. Akachukua ukanda mtupu, akapima ovaloki, akakata alama. Akapima ukuta chini ya dirisha, kule tulikokuwa tunarundika mabaki ya vitambaa. Akapima meza yangu. Akasimama akizitazama alama zake kama anavyomtazama mteja.

"Ovaloki dirishani, inahitaji mwanga," akasema. "Wewe huna haja ya mwanga, una kioo kinachowaka."

Ndivyo tulivyofanya. Jioni, wakati wa kufunga, nikaona msumarini kuna ukanda mpya. Una alama mbili tu, urefu na upana, na mwishoni ameandika kwa penseli: Meza ya Denise.

Sijui kama unaweza kuelewa nilivyojisikia. Nadhani wewe ndiye peke yako unayeweza, maana ulilelewa chini ya msumari kama huo.

Ndani ya bahasha utakuta ukanda wa karatasi usio na alama. Baba Mdogo anataka kukushonea gauni la Krismasi, na amekataa nikuulize vipimo kwa simu. Inès akupime: alama moja bega, mbili kifua, tatu kiuno, nne urefu. Mpatie Pandu atakaporudi. Mstari wako kwenye jedwali nimeshaufungua, namba sitini na tano. Jina lako nimeliandika. Vipimo nimeviacha wazi.

Nisalimie Bibi, umsomee barua hii polepole, ukifika kwenye Mama Orpha atacheka. Nisalimie Alexis na Inès, na majirani wote wanaoniulizia. Baba Mdogo, Mama Mdogo Jeannine na Bakiri wanakusalimu. Mungu alilinde goti lako na nyumba yako, na atuweke hai mpaka siku nitakapokuja kukuona ukiwa ndani ya gauni hilo.

Mimi mtoto wako nikupendaye,
Denise