Ukweli Umebaki Kiunoni

Shoga, niko chumba cha kuvalia, kiuno kinawaka moto.

Nimeanguka. Sio kuigiza, nimeanguka kweli, kwenye ngazi za seti, na gauni langu la kuigizia mama mkwe mbea. Nalia "nisaidieni", wote wanacheka. Mpiga picha anafuta machozi.

Unajua muongozaji, yule mtoto wa juzi, kasemaje? "Mama, rudia, kamera ilikuwa haijawashwa."

Rudia. Eti rudia.

Nikarudia, mjinga mimi, kwa ufundi wangu wote, mimi niliyekuwa nachekesha watu kwenye televisheni tangu yeye yuko mgongoni kwa mamake. Akatikisa kichwa. "Ile ya kwanza ilikuwa na ukweli zaidi."

Nikamwambia ukweli umebaki kiunoni, alete maji ya moto aukande.